Herufi Alizozikariri Sumaku

Kila asubuhi kabla ya shule, Sumaku alifagia chumba alichoshonea mama yake na kuokota pini sakafuni. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa golikipa wa timu ya wasichana, na mpira ukimgusa mikononi haubanduki.

Lakini siku hizo kuinama kulimtesa. Kichwa kilimgonga, macho yakaingia giza, kisha yakarudi. Sikioni alisikia vuu, vuu, vuu.

"Mama, hiyo cherehani inapiga kelele."

"Mbona hata sijaanza kushona, mwanangu?"

Sumaku akacheka, akabadilisha mazungumzo. Aliogopa kuvishwa miwani na kutolewa golini.

Muuguzi alipokuja shuleni kupima macho, Sumaku alijipanga mwisho wa foleni, akasikiliza wenzake wakisoma herufi, akazikariri. Zamu yake ilipofika, alizitaja zote bila kukosea.

"Macho makali haya!" muuguzi akamsifu.

Jumamosi, mechi ikiendelea, Sumaku aliinama kufunga kamba za kiatu. Alipoinuka, uwanja wote ulikuwa kijivu. Mpira ulimpiga usoni kabla hajauona. Mwalimu wa michezo akamkimbilia.

"Mwalimu, sioni vizuri," alisema huku analia. "Na zile herufi nilizikariri tu."

Mama alimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari wa macho alimmulika machoni.

"Miwani haitasaidia. Mishipa ya fahamu nyuma ya macho imevimba."

Picha ya kichwa ilionyesha chanzo: mishipa inayotoa damu kwenye ubongo ilikuwa imebanwa. Damu ilitoka kwa shida, maji yanayozunguka ubongo yakazidi, na presha ndani ya fuvu ikapanda.

Dawa zilipunguza presha, ila hazikutosha. Madaktari wakapitisha kibomba chembamba cha wavu ndani ya mshipa ili kuupanua. Maumivu yakapungua, ile sauti ikanyamaza.

Siku ya kurudi kliniki, daktari alimwonyesha herufi.

"Unaziona?"

Sumaku alisita. "Za katikati naziona. Pembeni, jicho la kushoto, bado kuna ukungu."

"Vizuri sana," daktari akasema, kisha akamgeukia mama. "Mngechelewa, angepofuka. Kipimo si mtihani wa kufaulu, binti yangu. Ukinidanganya, nitamtibu mtu ambaye hayupo, na wewe utaondoka na ugonjwa wako."