Aliyesimama Nyuma ya Wateja

Kamera iliguna siku ya pili tangu iletwe studio. Krrr, mota yake ikavuta filamu, na betri zilikuwa bado mezani, hazijafunguliwa hata karatasi.

Msafishaji picha wa studio, mwanamke ambaye miaka kumi na tisa ya chumba cha giza ilimpa jina la Mama Giza, alimwona bosi wake akishtuka, akabana kicheko. Bwana yule alijua kujisifu kuliko kupiga picha. Kamera yenyewe, ya zamani, ya kulengea kwa kidirisha cha pembeni, aliipata kwa mjane wa mpiga picha mwenzake. Mjane alimsihi asiitumie. Yeye akamjibu kwamba wanawake hawajui vifaa.

"Imejiendesha yenyewe," Mama Giza alisema.

"Mashine nzuri ndivyo zilivyo. Wewe safisha picha, kamera niachie mimi."

Haya. Akasafisha. Wateja walitoka vizuri, wameketi kitini, na nyuma ya kila mmoja alisimama bosi mwenyewe, amefumba macho. Haikuwezekana, maana bosi alikuwa nyuma ya kamera muda wote. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Angemwambia, lakini alikumbuka alivyojibiwa. Na ajionee mwenyewe, mjinga huyu. Akakuza nyuso za wateja tu.

Wiki ikapita. Katika kila filamu yule wa nyuma alizidi kukonda, na bosi naye akazidi kusahau, jina la mkewe, mlango wa choo, hata kujisifu. Na Mama Giza, aliyekuwa akimcheka kimoyomoyo, akaanza kusikia mota nje ya chumba chake mchana kweupe, krrr, krrr, ikisogea, ikitulia akizuia pumzi, ikiendelea akiiachia, mpaka asijue kama ni mashine ile au ni mtu anayesaga meno.

Akamwita mganga. Mganga alifika, akachungulia, akakataa kuvuka kizingiti.

"Filamu ya mwisho umeshaiona?" alinong'ona.

"Iko kwenye dawa ya kusafishia."

"Kaitazame. Kama bado amefumba macho, nitaingia."

Alikuwa ameyafumbua. Kinywa wazi, viganja mbele, kama mtu anayesukuma kioo. Mama Giza alipotoka mbio, mlangoni hapakuwa na mganga.

Bosi alikuwa akifuta kamera taratibu, kwa ustadi ambao hakuwahi kuwa nao.

"Shikamoo, Mama," alisema kwa upole. "Yule bosi wako ulimdharau sana. Hata mimi nilimdharau, tangu nikiwa hai."

Akamwonyesha kiti cha wateja. Mama Giza alitaka kukimbia; badala yake alijikuta akishukuru, akiketi, akinyoosha kola ya gauni. Kisha nyuma ya shingo yake mtu akapumua, na sauti ya mjinga wake wa siku zote ikamsihi, ndogo, imekauka:

"Dada, usiitazame kamera."

Alikuwa ameshaitazama.