Makaa ya Aika na Ukoko wa Kale

Kila Jumamosi, baada ya kudeki bweni na kufua sare, wasichana wa shule moja karibu na Mabogini waliruhusiwa kupumzika. Aika alipumzika kwa kuchoma ndizi nyuma ya mabweni, mahali palipokatazwa moto. Lakini alikuwa mtu wa nidhamu: kila alipomaliza kula, aliyafukia makaa mchangani kwa heshima zote za mazishi.

Mwaka uliofuata akaja Daktari Lukresia, mtaalamu wa mambo ya kale, kuchimba pale pale nyuma ya mabweni. Wanafunzi waliitwa kusaidia kuchekecha mchanga. Aika alimhusudu mara moja. Mama yule alipiga magoti juani tangu asubuhi, akipangusa kigae cha chungu kwa brashi kama anayemwosha mtoto uso.

"Watu waliishi hapa zamani," alisema. "Lini hasa? Makaa yao yatatuambia. Maabara hupima kaboni iliyobaki ndani yake."

Punde akaibua vipande vya makaa kando ya kigae. "Haya hapa! Yanakwenda maabara."

Pamela, rafiki wa Aika, akamkanyaga mguu. "Hongera, bibi wa kale. Ndizi zako zinaingia kwenye historia."

"Nyamaza wewe! Matroni yuko pale."

Aika akamtazama matroni, kisha akayatazama yale magoti yenye vumbi. Kumkwepa matroni ulikuwa mchezo. Kumharibia mama huyu kazi yake haukuwa mchezo.

"Samahani, Daktari," akasema. "Hayo huenda ni makaa yangu. Nilichoma ndizi hapa. Ila niliyafukia juu juu, sijui yamefikaje huko chini."

"Aika!" matroni akafoka.

Daktari akacheka. "Mchanga haushiki kitu, mwanangu. Mvua, mizizi, panya, vyote hushusha vitu vipya hadi kwenye vya kale. Maabara ingetuambia mababu waliishi hapa mwaka jana!"

"Sasa tutajuaje?"

Daktari akageuza kigae. Ndani yake uligandamana ukoko mweusi. "Kuna mtu alisahau chakula motoni. Ukoko huu uliungulia humu humu. Hauwezi kuhama peke yake. Huu ndio utakaokwenda maabara."

Aika alipewa adhabu ya kudeki bweni muhula mzima. Majibu ya maabara yalipofika, Daktari alirudi kuyasoma mbele ya shule: ukoko ule ulikuwa na zaidi ya miaka elfu moja.

"Mchanga ulitaka kutudanganya," alisema, "Aika akakataa. Mashine ya maabara hupima inacholetewa tu. Ukweli huanzia kwa anayeleta."

Watu wakapiga makofi. Aika naye alipiga, akiwa bado na dekio mkononi.