Mvua ya Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi yake maalumu. Saa kumi na mbili na nusu alivuka uchochoro hadi uani kwa mama mmoja fundi cherehani, akainama mbele ya kipimamvua, akasoma maji yamefika milimita ngapi, akaandika daftarini, kisha akayamwaga. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Wenzake walimpachika jina la Bi Mvua, naye alijifanya halipendi, ingawa moyoni lilimkaa vizuri sana.

Daftari alipewa na mama yake mdogo, mtaalamu wa tabianchi, ambaye waliishi naye nyumba moja. Mama mdogo alikuwa ameweka vipimamvua katika mitaa kumi na miwili ya mji. Mwisho wa msimu angepeleka hesabu za mvua kwa wahandisi wa halmashauri, nao wangeamua mtaa upi uchimbiwe mtaro wa kuondoa maji ya mvua. Mwaka ule ungechimbwa mmoja tu.

Basi Bi Mvua akagombana na binti wa fundi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, kwa sababu ya rula. Rula ilivunjika, na kila mmoja akashikilia kuwa mwenzake ndiye aliyeikalia. Wakanuniana. Bi Mvua akaapa hakanyagi uani kwao, na kwa siku tatu hakukanyaga. Mvua nayo haikungoja wapatane. Ikanyesha siku zote tatu, huku yeye akiitazama dirishani. Nyumba yao ilikuwa juu ya msingi mrefu wa ngazi sita, na kutoka pale mvua ilionekana ya kawaida tu. Akakadiria, akaandika nne, sita, tano.

Siku ya nne binti wa fundi alifika shuleni na madaftari yaliyolowa chapachapa, maji yalikuwa yameingia nyumbani kwao. Bi Mvua akaona huruma, ugomvi wa rula ukaisha bila hata kuombana radhi. Jioni akaenda kwao na kukuta kipimamvua kina milimita tisini na mbili. Namba zake tatu zilikuwa kumi na tano tu. Akatazama huku na huku, akayamwaga maji yote, akanyamaza.

Msimu ulipokwisha, mama mdogo aliketi mezani na kompyuta yake, akajumlisha.

"Ajabu," alisema. "Huu mtaa wetu umekuwa wa mwisho. Mvua yake ndogo kuliko mitaa yote."

"Kwa hiyo mtaro hatupati, mama mdogo?"

"Wanaofuata hesabu hizi hawawezi kutupa, mwanangu."

Bi Mvua akaweka kikombe cha chai mezani. Alimfikiria fundi akianika vitambaa vya watu vilivyolowa, msimu mwingine tena. Akaona haya, haya ya kweli, akasimulia yote tangu rula hadi maji aliyomwaga.

Mama mdogo alivua miwani, akaifuta polepole.

"Hizo tisini na mbili, nani mwingine aliziona?"

"Hakuna."

"Mimi nakuamini, lakini wahandisi hawakujui. Ungeacha siku zile wazi, ukaandika jumla uliyoikuta, ingetufaa. Sasa nitazifuta namba zote tatu. Ila kuna mtu wa kuambiwa kabla ya wahandisi."

Wakashuka zile ngazi sita pamoja. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, akipindia suruali. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, mguu ukiwa umetulia juu ya kanyagio.

"Nne?" aliuliza. "Mimi maji yamenifika magotini, cherehani nimeipandisha kitandani, wewe ukaniandikia nne?"

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini umeniumiza, nisikufiche."

Kisha akawaonyesha ukutani alama ya tope, iliyonyooka kama mstari wa chaki, juu kidogo ya kiti.

Jumatatu mama mdogo alikwenda halmashauri na kuwaambia wahandisi kwamba hesabu za mtaa wao zina pengo, kwamba kosa ni la timu yake, na kwamba kabla ya kuamua waende wakajionee wenyewe. Haikuwa rahisi kwake kusema hivyo mbele ya watu waliozoea kumwita mtaalamu. Mhandisi mmoja alikuja na futi ya kupimia, akapima alama kwa fundi, akapima na nyumba tisa nyingine. Wiki mbili baadaye mtaro ulianza kuchimbwa, na binti wa fundi akawa anawahesabu wachimbaji kama vile amewaajiri yeye.

Jioni moja Bi Mvua na mama yake mdogo walisimama kutazama kazi.

"Wanaoamua mambo ya mji hukaa mbali," mama mdogo alisema. "Hawamwoni fundi na vitambaa vyake, wanaziona namba zetu tu. Kwa hiyo haki yake ilikuwa mkononi mwako, na wewe hukujua. Ukiipima shida ya mwenzako ukiwa mahali pakavu, utaipunguza kila mara, hata kama unampenda. Nenda ukaone. Na siku usipokwenda, andika kwamba hukwenda. Ni aibu ndogo, tena ni yako peke yako. Lakini namba ya kubuni, anayelowa kwayo ni mwingine."