Blanketi la Mama Kapenda

Treni ya Bukama ilikuwa na mazoea ya kuchelewa, na siku ile ya mwaka 1953 ilichelewa mpaka stesheni ya Kamina ikajaa watu. Ndaya, aliyekuwa akijifunza kushona kwa masista, alikuja kupokea kapu la samaki wakavu kutoka kwa mjomba wake. Alijifunga kitenge cha buluu na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika kapu lake, akagongwa na kijana wa kaputula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, aliyetembea huku akisoma daftari. Samaki wote chini.

"Weye, macho yako iko wapi?"

"Iko mu daftari, mademoiselle. Unisamehe."

"Basi daftari njo itakula samaki ya muchanga."

Kijana akachuchumaa, akaokota samaki mmoja mmoja akiwapuliza mchanga, na Ndaya akamwacha afanye kazi. Aliitwa Kitwa, mwanafunzi wa ualimu, kiongozi wa darasa lake. Padri Marc alikuwa amewaandikia ubaoni "Kutoa ni moyo", kisha akawaagiza wachague wenyewe nani apewe sadaka yao ya Kwaresima.

"Bamoja banataka bagonjwa ba ukoma, bengine banataka kengele ya kanisa," Kitwa alisema. "Weye ungechagua nani?"

"Kengele haisikie baridi. Bagonjwa beko na basista. Mujane iko na nani?"

Kitwa akaliandika jibu hilo palepale, amepiga magoti kati ya samaki. Ndaya alijifanya hakuona, lakini alipendezwa, tena sana.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa walitembea pamoja hadi kwenye njia panda ya reli, wakaagana hapo. Kitwa hakuvuka. Kwa watu wao, kijana anayemtaka binti hakanyagi ua wa mama yake kabla ya kutuma wajomba, wala hamtazami mama huyo usoni; akikutana naye njiani hujitupa majanini mpaka apite. Na wajomba wakija, kitu cha kwanza wanachomwekea mama mbele ni blanketi. Kwa hiyo Kitwa hakuijua nyumba ya kina Ndaya, na sura ya mama mtu hakuwahi kuiona.

"Nikimaliza masomo nitatuma bayomba," alimwambia.

"Na blanketi ya rangi gani?"

"Weye sema."

"Nyekundu. Mama yangu anapenda nyekundu."

Darasa likachagua wajane. Jumamosi moja Ndaya alirudi kutoka kwa masista akawakuta wanafunzi juu ya paa la kwao, wanaezeka nyasi mpya. Mlangoni alisimama mama yake mjane, Kapenda, na mbele ya Kapenda alisimama Kitwa, ameshika blanketi la kijivu kwa mikono miwili, anamtazama usoni.

"Mama, upokee sadaka ya darasa yetu," alikuwa akisema.

Majirani walijaa uani na Padri Marc alikuwa akitabasamu. Kapenda angekataaje? Alipokea. Kitwa akageuka, akamwona Ndaya.

"Uyu ni mama yangu," Ndaya alisema.

Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umeshapata neno: mahari ya Ndaya imelipwa na parokia. Kapenda alilitupa blanketi juu ya dari bila kulikunjua.

"Ule kijana alinipa blanketi ya bamasikini," alisema. "Ile ya bukwe, ya kuletwa na bayomba, itapita mulango gani? Usiniletee jina yake tena."

Ndaya alirudisha barua mbili za Kitwa bila kuzifungua. Alimkasirikia Kitwa, lakini alijikasirikia mwenyewe zaidi, maana neno la mjane lilitoka kinywani mwake. Ya tatu Kitwa aliileta mwenyewe kwenye njia ya reli.

"Ndaya, sikuyua."

"Ninayua haukuyua. Haya ya mama inabaki haya."

"Nifanye nini?"

"Uliza daftari yako."

Ndaya akaenda zake, akalilowesha kwa machozi vazi la ubatizo alilopewa kushona. Alimpenda Kitwa na hakuona njia.

Baada ya Pasaka darasa lilichagua tena, safari hii wagonjwa wa ukoma wa barabara ya Luena, na wanafunzi wakatumwa kukusanya vitu nyumba kwa nyumba. Asubuhi moja Ndaya alikuwa akitwanga muhogo. Akainua macho, akaona mgongo wa mtu nje ya ua wa matete, umesimama majanini, umeelekea barabara.

"Hodi, mama Kapenda."

"Nani anapiga hodi na mugongo?" Kapenda aliuliza.

"Ni Kitwa, mama. Tunakusanyia bagonjwa ba ukoma. Kila nyumba inatoa. Nimekuja kuomba ya kwako."

Mchi wa Ndaya ukasimama. Tangu baba yake afariki, watu walimletea Kapenda hiki na kile kwa sauti ya huruma. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu.

"Juu ya nini hauniangalie?"

"Siwezi, mama. Weye ni mama ya Ndaya."

Kapenda alimtazama binti yake, na binti akatazama kinu. Kisha Kapenda akaingia ndani, akateremsha blanketi la kijivu, akalikung'uta vumbi la dari, akalikunja vizuri kabisa.

"Umupelekee. Aandike jina yangu mu daftari: Kapenda ametoa," alimwambia Ndaya.

Ndaya akalipitisha juu ya ua. Kitwa alinyoosha mikono nyuma bila kugeuka, na vidole vyao vikakutana chini ya blanketi.

"Sasa mu nyumba yangu hamuna blanketi," Kapenda aliwaambia kuku wake, kwa sauti ya kufika barabarani. "Na mwezi wa sita baridi itakuja."

"Umesikia?" Ndaya alinong'ona.

"Nimesikia."

"Nyekundu."

"Ninayua, Ndaya. Nyekundu."

Akaondoka hivyohivyo, mgongo kwao, akipita katikati ya majani ingawa njia ilikuwa wazi. Kapenda alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea, kisha akauchukua mchi mkononi mwa binti yake, akatwanga mwenyewe.