Mgeni Aliyeombea Chakula

Giza lilikuwa linaingia. Nilikuwa naanua nepi za mwanangu, nikasikia hodi mgongoni kwangu. Geti sikulisikia.

Nikageuka. Mwanamke, yuko peku, nguo zinanuka udongo mbichi.

"Naomba maji, dada," akanong'ona.

Mimi ningempa hapo hapo uani, kisha safari njema. Lakini mama mkwe wangu ana moyo wa kumtolea kiti hata mwizi. "Karibu ndani, mwanangu," akaita kutoka jikoni. "Mgeni ni wa Bwana."

Kwake, Ukristo bila kukaribisha wageni ni maneno matupu. Mgeni haulizwi atokako kabla hajala. Tena mgeni ndiye huombea chakula. Sheria hiyo niliikuta nilipoolewa.

Tukaketi. Mwanangu, niliyempata baada ya miaka ya kuitwa tasa, alikuwa analia mapajani mwangu, meno yanamsumbua. Mgeni akainamisha kichwa, akaomba kwa sauti ya chini... ya chini mno. Nilidaka maneno ya mwisho tu.

"...nami nakipokea nilichopewa humu."

"Amina," akasema mama mkwe.

"Amina," akasema mume wangu.

Mdomo una mazoea yake. "Amina," nikasema.

Mtoto akanyamaza.

Mgeni akainuka, sahani hajaigusa. Akamshika mtoto unyayo. "Akianza kutembea, nitakuja," akaninong'oneza, akatoka. Mume wangu akamfuata na tochi. Njia ilikuwa tupu.

"Ulisikia alichoomba?" mama mkwe akaniuliza.

"Maneno ya mwisho tu, mama. Na wewe?"

"Hapana."

"Sasa mbona uliitikia?"

Akaiondoa sahani ya mgeni.

Mchungaji anasema Mungu hafungwi na Amina ya kulaghaiwa. Namwamini, lakini niliogopa kumweka mwanangu chini. Miezi yote iliyofuata nilimbeba kutwa, majirani wakanicheka, eti namlea kama yai. Mama mkwe bado anakaribisha wageni, ila sasa anaomba mwenyewe, na machozi yanamtoka.

Jana jioni nilimkalisha mwanangu kitandani nifunge dirisha. Kugeuka, amesimama sakafuni.

Akapiga hatua.

Hakuwa anakuja kwangu. Alielekea mlangoni, anacheka, mikono juu, kama afanyavyo akitaka kubebwa. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Visigino vyake vikaachana na sakafu.

Nikamrukia, nikamkumbatia, nikavuta. Na upande wa pili kuna aliyevuta...

Ninaye bado mikononi. Hataki titi, hataki baba yake. Analia, anautaka mlango.