Wanakuchimbia Mizizi

"Kiingereza nakijua chote," mpiga pasi alizoea kusema. "Kilichobaki ni kukielewa tu."

Alikuwa amenyoosha mashuka ya hoteli kwa miaka kumi na miwili. Leo saa nne asubuhi alikuwa na usaili wa usimamizi wa chumba cha dobi. Sare imenyooka, viatu vinang'aa. Mara simu ikalia. Wenzake wa kazini walikuwa wamemwandikia: "We are rooting for you."

Mumewe, fundi wa sakafu, alifungua kamusi waliyoazima kwa jirani. Akatafuta "root". Akaifunga polepole.

"Mke wangu, huo ni mzizi. Wanakuchimbia mizizi."

"Wote?"

"Wameandika 'we'. Ni wote. Na mizizi ya uchawi huzikwa mlangoni."

Mpiga pasi akavua viatu. "Basi siendi. Hicho cheo wakichukue wao."

Akachukua kamusi, akairudisha kwa jirani, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mwalimu akausoma ujumbe, akaziba mdomo asicheke.

"Dada, kazi yako nini?"

"Si unajua? Napiga pasi."

"Pasi imekukosea nini hata uipige?"

"Wewe nawe. Ndivyo inavyosemwa."

"Na Waingereza nao wana yao. 'Root' peke yake ni mzizi. Likifuatwa na 'for', habari ya mizizi imekwisha. 'Root for' ni kuwa upande wa mtu na kumtakia ashinde, kama unavyoishangilia timu yako. Huambiwa aliye bado shindanoni. Akishashinda, tunampa hongera."

Mpiga pasi akausoma tena ujumbe. "Kwa hiyo wananishangilia?"

"Wanakushangilia, na wewe uko hapa pekupeku. Saa tatu na nusu hiyo."

Akavaa viatu vya mwalimu, vinambana hivyo hivyo, akatoka mbio.

Jioni alirudi na cheo chake, mwalimu akiwa pembeni. Mumewe alisimama katikati ya mlango, kaitanua miguu kama golikipa. Mwalimu akamweleza maana ya ule ujumbe.

"Mimi nilijua tangu asubuhi," alisema mume. "Nilikuwa namtania tu."

Mwalimu akainama, akachungulia nyuma yake. Hapo kizingitini palikuwa na mashimo matatu, na sururu imelala kando.

"Na haya mashimo, shemeji?"

"Nataka kupanda maua."

"Kwenye saruji?"