Viazi vya Saa Kumi na Mbili

Wakati wa likizo Sietske alikuwa na kazi moja tu kila jioni, nayo ni viazi. Kumenya, kuosha, kukata, kutia chumvi, kubandika. Mama yake, Hinke, alitengeneza nyama na mchuzi mapema. Baba yake, Wiebe, alipanga meza na viti chini ya turubai, nje ya gari-nyumba lao, gari refu lenye vitanda na friji ndani yake. Ikifika saa kumi na mbili, wote watatu huwa wameketi. Wala si wao tu. Kambi nzima ile ya msituni, katika mkoa wa Drenthe, hula saa kumi na mbili, kama wanavyokula watu karibu wote wa Uholanzi, na mtoto anayekwenda kumwita mwenzake wakacheze saa hiyo huangaliwa kama mtu asiye na wazazi.

Jiko la kupikia viazi hivyo lilikuwa dogo la umeme, la kubebeka mkononi, lenye nafasi ya sufuria moja. Gesi Hinke hakutaka hata kuisikia. "Tunalala humuhumu tunamopika," alisema, "sitaki kuamka na kunusanusa hewa kila alfajiri." Basi likanunuliwa jiko la umeme. Lakini Wiebe, ambaye akiona kitu cha bei nafuu hajui kukipita, alikodi nafasi yenye umeme kidogo kuliko zote, tena unaotoka kwenye nguzo moja na wa jirani. Magari mawili, swichi kuu moja. Mmoja akivuta zaidi ya fungu lake, swichi inajizima, na wote wawili wanabaki wakitazamana mpaka msimamizi wa kambi aje na ufunguo wa sanduku.

Kwa sababu hiyo Wiebe alibandika utepe mwekundu kwenye jiko, penye namba tatu. Namba zilifika sita.

"Tatu ndiyo mwisho," alimwambia Sietske siku ya kwanza. "Ukipita hapo, tunalala gizani."

"Lakini Baba, kwenye tatu viazi vinakaa saa nzima!"

"Basi anza saa nzima kabla. Hesabu hiyo hukufundishwa shuleni?"

Sietske alikuwa na miaka kumi na miwili, na hesabu aliijua sana. Shida ilikuwa ziwa la pale kambini. Kila alasiri yeye na rafiki yake Fimke waliogelea mpaka midomo ikageuka buluu, na kila alasiri Fimke alisema, "Mara moja ya mwisho, halafu twende." Mara moja ya mwisho ikazaa nyingine, na nyingine. Jumatatu Sietske alirudi mbio akiwa bado anadondosha maji, akakuta saa ya mlangoni inamcheka. Zilibaki dakika chache kufika saa kumi na mbili, na viazi bado vina maganda.

Alimenya vibaya vibaya, akatupia sufuriani, akatazama huku na huku. Baba alikuwa anakunja taulo nyuma ya gari. Sietske akazungusha kidude cha jiko mpaka sita.

Maji yalianza kuvuma. Alikuwa ameanza kujipongeza, mara tak! Kimya. Taa ya friji ikazimika, na feni ya jirani nayo ikanyamaza. Upesi akarudisha namba kwenye utepe mwekundu, akasimama kando ya jiko mikono nyuma.

"Nini tena?" Wiebe alitokea na taulo begani. Akatazama jiko. Tatu. Akatazama nguzo. Kisha akatazama gari-nyumba la jirani, kubwa, jipya, lenye dishi juu ya paa. "Aha," akasema.

Sietske angeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa machache tu. Lakini baba alikuwa tayari ameshageuka, na yeye akaona kwamba kukaa kimya si kusema uongo. Hivyo ndivyo alivyojidanganya.

Msimamizi wa kambi, Bi Aleida, alikuja kwa baiskeli akitafuna. "Nimeacha chakula mezani," alisema huku akifungua sanduku. "Mnajua nimeacha nini? Kabichi ya mama mkwe wangu, na yeye mwenyewe ameketi mbele yake. Nitarudi kusikia maneno. Nani amezidisha?"

"Si sisi," alisema Wiebe.

Jirani, Bwana Haverkamp, alitoka taratibu akiegemea fimbo. Alikuwa mzee mwenye nyonga mbovu, na nafasi ile alikuwa ameiomba makusudi kwa kuwa ipo hatua chache kutoka vyooni. "Wala si mimi," alisema. "Nilikuwa nakula mkate na jibini."

Jioni ile familia ilikula viazi vilivyolia ka! ka! kila mtu alipouma. Wiebe alimeza kwa hasira. Hinke alisema tu, "Kesho uanze mapema, mwanangu."

Kesho yake Sietske hakuanza mapema. Wala keshokutwa. Utadhani lile ziwa lilikuwa na kamba! Kila siku aliapa, kila siku Fimke akasema mara moja ya mwisho, na kila siku jiko likapanda mpaka sita. Safari nyingine umeme ulivumilia, safari nyingine tak! Bi Aleida akaja tena na baiskeli yake, na kila akija uso wake ulikuwa mwekundu zaidi.

Ijumaa umeme ulizimika tena, na Bi Aleida akiwa bado anafungua sanduku, Wiebe alichoka. Waholanzi hawana desturi ya kuzungukazunguka penye jambo la kusema. Alivuka nyasi, akasimama mbele ya Bwana Haverkamp.

"Nakwambia wazi, jirani. Una feni, una mashine ya kahawa, una televisheni. Kila tukianza kupika, wewe unawasha vitu vyako. Tumechoka."

"Bwana wee, jioni mimi sipiki," alisema mzee. "Chakula cha moto nakula mchana, kama tulivyolelewa zamani. Jioni ni mkate. Na hiyo feni hata njiwa haimpepei."

"Sasa nani? Miti?"

"Waulize watu wa nyumbani kwako."

Wiebe akawaka. "Watu wangu? Njoo uone mwenyewe! Bi Aleida, na wewe njoo!" Akawaongoza mpaka kwenye jiko, akaonyesha utepe na kidude kilichotulia sawasawa kwenye tatu. "Hiyo ni kazi ya binti yangu. Hajapita namba hata siku moja. Si ndiyo, Sietske?"

Wote wakamgeukia. Sietske alitazama utepe mwekundu. "Ndiyo," akasema, na sauti yake ikatoka nyembamba.

Sasa huo ulikuwa uongo kamili, haukuwa tena na nguo ya kuuvika.

Bi Aleida alipumua kwa nguvu. "Mimi sina nguvu tena. Nina magari sitini humu ndani na mama mkwe mmoja. Bwana Haverkamp, kesho asubuhi utahamia uwanja wa chini."

Uwanja wa chini ulikuwa karibu na barabara, hauna umeme, na vyoo vyake viko mbali, kupanda kilima. Mzee alitazama fimbo yake. Akaingia ndani ya gari lake bila kuaga. Ilivyo kambini, kabla vyombo havijaoshwa kila mtu alikuwa anajua. Hata Fimke alikuja mbio kusema, "Kumbe ni yule babu! Mchoyo mkubwa! Sisi hatumsalimii tena." Sietske alisema ana usingizi.

Asubuhi alipokuwa anakwenda kuoga alimkuta Bwana Haverkamp anang'oa vigingi vya turubai lake. Alikuwa amepiga goti moja, na kila kigingi kilimgharimu mguno. Alipomwona alisema, "Mtoto, nishikie nguzo hii isiniangukie kichwani. Dakika moja tu."

Sietske akashika nguzo. Mzee akang'oa kigingi, akapumzika, akatambaa kwenye kingine. Hakusema neno la lawama. Angemfokea ingekuwa nafuu. Fimbo yake iliyolala kwenye nyasi ndiyo iliyomshinda Sietske.

"Acha," akasema.

"Nini?"

"Using'oe. Ni mimi. Nilikuwa napandisha jiko mpaka sita kwa sababu nachelewa kutoka ziwani. Halafu narudisha. Si wewe. Hujawahi kuwa wewe." Machozi yalikuja yenyewe, na hakuwa na mkono wa kuyafutia kwa kuwa alikuwa ameshika nguzo.

Mzee alikaa chini kabisa kwenye majani. "Haya," alisema, "na baba yako ameshalisikia hilo?"

"Bado."

"Basi mimi si mtu wa kwanza uliyepaswa kumwambia. Egemeza hiyo nguzo kwenye gari uende."

Wiebe alikuwa anakunywa kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kikombe kikarudi mezani kwa kishindo.

"Kwa hiyo nimemsingizia mzee wa watu, mbele ya msimamizi, mbele ya kambi nzima, kwa ajili ya viazi?"

"Ndiyo, Baba."

"Viazi vyenyewe vibichi!"

"Ndiyo, Baba."

"Nikakuuliza mbele ya watu, ukasema ndiyo!"

Wiebe alizunguka meza mara mbili, akapiga turubai kofi, akaita mbingu, akamwita Hinke. Hinke alisikiliza akiwa na mswaki mdomoni, akautoa, akasema, "Wiebe, punguza sauti. Vaa viatu. Mnakwenda wote wawili."

Walikwenda kwanza kwa Bwana Haverkamp. Wiebe aliomba msamaha akiwa amesimama wima kama mtu anayengoja sindano. Kisha akashika vigingi na kuanza kuvirudisha ardhini mwenyewe. Baadaye walikwenda kwa Bi Aleida, na Sietske akasema yote tena, mara ya tatu asubuhi ileile, na mara ya tatu haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

"Basi, kanuni ni ileile," alisema Bi Aleida. "Aliyezidisha ndiye anayehama."

Wiebe alivuta pumzi ya kubishana. Halafu akamtazama binti yake, pumzi ikamtoka. "Ni haki," akasema.

Mchana gari-nyumba lao lilikuwa uwanja wa chini, malori yakinguruma nyuma ya ua. Jiko la umeme lilifungiwa kabatini, halina kazi. Walikaa kwenye viti vyao wakila mkate. Hinke aliweka kisu chini.

"Sikiliza, Sietske. Kuchelewa si dhambi, hata mimi nimewahi kuchelewa. Ungesema Jumatatu, 'Baba, nimepandisha jiko,' tungekula viazi vigumu, tungecheka, yakaisha. Ulingoja. Wakati unangoja, kosa lako halikukaa palepale. Lilimfuata mtu asiyehusika, likamchafua jina, likataka kumwondoa mahali pake. Ukikosea, useme wakati kosa bado ni lako peke yako. Ukichelewa, utakuta wengine wanalilipia."

"Nimeelewa, Mama."

"Na wewe, Wiebe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Ulimhukumu mtu kwa ukubwa wa gari lake."

Wiebe alimeza mkate wake. "Ndiyo," akasema. "Hilo nalo ni kweli. Nilikuwa na hakika sana, nikasahau kutafuta ushahidi."

Kutoka upande wa ziwa zilisikika kelele za watoto, na sauti ya Fimke ikiwa juu ya zote. Sietske alisimama.

"Unakwenda kuogelea?" baba aliuliza, na uso wake ukaanza kukunjamana.

"Hapana. Fimke na wenzake hawamsalimii Bwana Haverkamp. Bado hawajui ni nani aliyezidisha."

Hinke alimsogezea viatu vyake. Sietske akavaa, akapanda kilima kuelekea ziwani.